Gia Ipasayo na Akiba ya Nguvu: Mazungumzo kutoka Qurum, Maskati

Leo nitazungumzia jambo ambalo huenda baadhi yenu mkaliona dogo na lisilostahili kupewa nafasi redioni. Nalo ni hili: mwendesha pikipiki anapokwisha kutoka kwenye msongamano, njia ikafunguka mbele yake, naye akashika mwendo mmoja wa kawaida, inafaa awe katika gia ipi? Na injini yake iwe ikizunguka kwa kasi gani?

Nasema jambo hili si dogo kwa sababu leo hii katika Afrika Mashariki pikipiki ndiyo inayompeleka mgonjwa zahanati, mwanafunzi shuleni na mama mzazi hospitalini. Biashara ya bodaboda ilianza kwa baiskeli katika mpaka wa Kenya na Uganda, na sasa imekuwa ajira ya vijana wengi mno kutoka Bukavu hadi Mombasa. Vijana hao wengi walifundishwa na wenzao namna ya kuingiza gia. Ni wachache waliofundishwa ni wakati gani waiingize, na kwa nini. Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wa hao wengi, na aliyenifungua macho ni mzee mmoja niliyemkuta Qurum.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mgeni wa jamaa zangu katika mtaa huo wa pwani, ndani ya mji wa Maskati, nchini Oman. Jina Qurum ni la Kiarabu na maana yake ni mikoko. Mikoko yenyewe, ya aina ile tuiitayo mchu, ingali ipo hadi leo katika hifadhi iliyotengwa mwaka 1975. Hapana mtu wa Lamu wala wa Rufiji atakayeiona asikumbuke kwao, kwani kwa muda mrefu majahazi yalipakia boriti za mikoko ya pwani yetu na kuzipeleka Uarabuni kujengea nyumba. Lugha yetu pia husikika huko. Familia nyingi zenye asili ya Oman zilizoondoka Zanzibar baada ya mapinduzi ya mwaka 1964, na nyingine zilizorejea baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970, zilikwenda na Kiswahili chao, na mpaka leo utakisikia sokoni na barazani.

Mwaka huo wa 1970, Oman nzima ilikuwa na barabara za lami zisizozidi kilomita kumi hivi. Leo Barabara ya Sultan Qaboos inapita Qurum ikiwa na njia kadhaa kila upande, na hapo hapo ndipo inapoanzia barabara kuu nyingine ya mwendo wa kasi, ambayo magari huruhusiwa kwenda hadi kilomita 120 kwa saa. Upande mmoja kuna bahari, na upande wa pili kuna vilima vya mawe matupu ambavyo barabara huvipanda na kuvishuka. Kwa mwendesha pikipiki, mahali hapo ni shule iliyokamilika: kuna tambarare, kuna mlima, kuna upepo wa bahari, na katika miezi ya kiangazi kuna joto liwezalo kupita nyuzi 45.

Jioni moja ya mwezi wa Julai jamaa yangu aliniazima pikipiki yake ya silinda moja, yenye ujazo wa 250 na gia tano. Nyuma yangu nilimpakia mpwa wangu, kijana wa miaka kumi na mitano. Tukaingia barabara kuu kuelekea upande wa Ruwi. Mimi nilikuwa nimejifunza kuendesha Dar es Salaam, na huko nilishika kanuni moja tu, nayo ni kuirusha pikipiki haraka iwezekanavyo mpaka gia ya mwisho, injini itulie, mafuta yasitumike. Kwa hiyo tulipofika mwanzo wa mlima nilikuwa katika gia ya tano, mwendo wa kilomita 60 hivi kwa saa, injini ikivuma kwa sauti nzito ya chini. Nilijiona dereva mwenye busara kweli kweli.

Mara gari likajitokeza kutoka barabara ya kando upande wa kulia na kuingia mbele yetu. Nilitaka kuongeza mwendo nihamie njia ya kushoto, maana nafasi ilikuwepo. Nikafungua mafuta. Pikipiki haikwenda. Ilitetemeka, mnyororo ukagonga-gonga, injini ikatoa mlio kama wa kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo, na mwendo ukazidi kupungua. Nilipotazama kioo, lori la kubebea maji lilikuwa limekwisha kutufikia. Dereva wa lori hilo alikuwa macho kuliko mimi. Alifunga breki, akapiga honi ndefu, nami nikapata kujiburura hadi pembeni. Mpwa wangu hakusema neno, ila nilihisi mikono yake imenishika kiunoni kwa nguvu zake zote.

Usiku ule, kibarazani, nilimsimulia mzee mmoja jirani ambaye vijana wa mtaa humwita ami. Alizaliwa Unguja, akajifunza ufundi kwa kufungua na kufunga vespa za mjini, kisha akafanya kazi ya makanika Maskati kwa miaka mingi. Alinisikiliza hadi mwisho, halafu akauliza maswali mawili tu.

"Ulikuwa gia ya ngapi?"

"Ya tano, ami."

"Na mwendo?"

"Sitini."

Akanyamaza kidogo, akasema: "Pikipiki haina kosa, mwanangu. Wewe ulipanda mlima huna akiba."

Wapenzi wasikilizaji, neno hilo akiba ndilo kiini cha mazungumzo yetu ya leo. Na ili tulielewe, hatuna budi kwanza tuitazame injini yenyewe na namna inavyofanya kazi.

(Muziki)

Naam. Injini ya petroli hupata nguvu zake kila mara mchanganyiko wa mafuta na hewa unapowaka ndani ya silinda na kuisukuma pistoni chini. Kila msukumo ni kama pigo moja la nyundo. Injini inapozunguka polepole, mapigo ni machache kwa dakika. Inapozunguka kwa kasi, mapigo ni mengi. Kwa hiyo nguvu unayoweza kuipata kutoka katika injini hutegemea mambo mawili: uzito wa kila pigo, na wingi wa mapigo hayo. Mkono wako wa kulia unapofungua mafuta huongeza uzito wa pigo. Mguu wako wa kushoto unapobadilisha gia hubadilisha wingi wake.

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Tunadhani kwamba nguvu yote iko mkononi, na kwamba ukifungua mafuta zaidi basi pikipiki itakwenda zaidi. Lakini injini inayozunguka polepole mno haina mapigo ya kutosha, hata ukiimiminia mafuta yote yaliyomo tangini. Kila injini ina eneo lake la mizunguko ambamo husukuma vizuri. Chini ya eneo hilo hukwama, na juu yake hupiga kelele nyingi pasipo faida ya kulingana na kelele hizo.

Ami alinipa mfano wa jahazi, na mtu wa pwani hahitaji mfano mwingine. Nahodha wa zamani aliyesafiri kati ya Maskati na Zanzibar alikuwa na zaidi ya tanga moja. Upepo ukiwa mwanana alitweka tanga kubwa, na upepo ukiwa mkali alilishusha na kutweka dogo. Hakuna aliyemwita mwoga kwa kutweka tanga dogo, wala mbadhirifu kwa kutweka kubwa. Walimtazama kama alilinganisha tanga na upepo au hakulinganisha. Gia nazo ndivyo zilivyo. Gia ya chini humpa mpandaji msukumo mwingi kwa mwendo mdogo. Gia ya juu humpa mwendo mkubwa kwa mizunguko michache, lakini msukumo kwenye gurudumu hupungua. Gia ya mwisho haikuwekwa pale iwe zawadi ya kufika. Iliwekwa kwa ajili ya njia tambarare, mzigo mwepesi na mwendo uliokwisha kupatikana.

Huenda msikilizaji akauliza: basi nitajie idadi ya mizunguko nikaishike. Lakini hapana idadi moja iifaayo kila pikipiki. Simama ukingoni mwa barabara kuu pale Qurum siku ya mapumziko uone. Itapita pikipiki kubwa ya Kimarekani yenye silinda mbili na ujazo wa 1,700 na ushei. Ikiwa katika mwendo wa kilomita 120 kwa saa, injini yake huzunguka kiasi cha mara 2,500 hadi 2,700 tu kwa dakika, nayo imetulia kabisa, kwa kuwa iliundwa isukume kutoka chini. Nyuma yake itapita ya Kijapani ya silinda nne, ujazo wa 600, kwa mwendo ule ule. Hiyo huzunguka mara 5,000 hadi 6,000 na bado haijafika hata nusu ya uwezo wake. Kisha, katika njia ya pembeni, atapita kijana mwenye sanduku la chakula mgongoni mwa kiti chake, akiendesha pikipiki ya ujazo wa 125. Yeye yuko kilomita 80 tu kwa saa, lakini injini yake huenda inazunguka mara 6,000 au 7,000, na hapo ndipo mahali pake halali. Ukimlazimisha huyu wa mwisho ashike mizunguko 2,500 ya yule wa kwanza, utamsimamisha njiani.

Kwa hakika, pikipiki nyingi zinazofanya kazi ya bodaboda hazina hata kipima mizunguko. Zina kipima mwendo, na mara nyingine hicho nacho kimekufa. Je, dereva afanyeje? Ami aliniambia kwamba amepewa vipimo vitatu ambavyo haviharibiki: sikio, makalio na kifundo cha mkono.

Kwanza, sikio. Injini iliyo katika gia ya juu mno huguna kwa sauti nzito iliyokatika-katika, na ikizidiwa hutoa ule mlio wa kokoto nilioutaja. Injini iliyo katika gia ya chini mno hulia kwa sauti nyembamba isiyopumua. Kati ya sauti hizo mbili iko sauti ya mvumo laini ulioshikana, na hiyo ndiyo utafutayo.

Pili, makalio, yaani mwili unaokaa kitini. Mtetemo mzito wa kugonga-gonga, unaofuatana na mnyororo kukaza na kulegea, ni malalamiko ya injini iliyolemewa. Mtetemo mwembamba, wa haraka, unaofanya viganja viwashe na vidole vife ganzi, ni malalamiko ya injini inayokimbizwa.

Tatu, kifundo cha mkono. Hiki ndicho kipimo kikuu, na ningependa wasikilizaji wakijaribu. Ukiwa katika mwendo wako wa kawaida, ongeza mafuta kidogo tu. Pikipiki ikiitika papo hapo na kusonga mbele bila kishindo, uko katika gia ipasayo. Ikingoja, ikaguna, au isibadilike chochote, shuka gia moja. Na ikiruka mbele kwa ukali huku injini ikilia, na njia ni tambarare mbele yako, panda gia moja. Kwa maneno mafupi, gia ya kusafiria ni ile ya juu kabisa ambayo bado inakuachia akiba: akiba ya kuongeza mwendo ukihitaji kuondoka mbele ya hatari, na akiba ya kupunguza mwendo kwa injini yenyewe ukiachia mafuta. Wahenga walisema akiba haiozi. Mimi siku ile mlimani nilikuwa nimeitumia yote kabla ya kuihitaji.

(Muziki)

Wapenzi wasikilizaji, sasa tuje kwenye hoja ambayo najua iko midomoni mwa madereva wengi, nayo ni ya mafuta. Dereva wa bodaboda huhesabu kila shilingi. Jioni humpelekea mwenye pikipiki hesabu yake, hujaza tangi, na kinachobaki ndicho chakula cha watoto. Mtu kama huyo akishika gia ya mwisho ili kubana mafuta, tusimwite mjinga. Tena, kwa kiasi fulani, ana haki. Ni kweli kwamba katika mwendo ule ule, injini inayozunguka kasi katika gia ya chini hutumia petroli zaidi, kwa sababu sehemu kubwa ya nguvu yake huishia katika msuguano wa vyuma vyake yenyewe na katika kuvuta hewa kupitia mlango uliofungwa nusu. Kupanda gia mapema njia inaporuhusu ni uwekevu wa kweli.

Lakini uwekevu huo una mpaka. Ukiivuka sakafu ya mizunguko, hutabana mafuta tena. Utakuwa umefungua mkono wote ili kudumisha mwendo mdogo, kabureta itamwaga mchanganyiko mzito zaidi, na sehemu ya mafuta hayo itatoka moshi. Na wakati huo huo unaikopa injini. Kila pigo la moto humkuta pistoni akienda polepole chini ya mzigo mzito, na uzito wote humwangukia beringi wa krenki. Pampu ya oili, ambayo huzungushwa na injini hiyo hiyo, nayo inapeleka oili kidogo. Joto hupanda, na pikipiki nyingi kati ya hizi hupozwa kwa upepo tu. Katika mlima wa Qurum, hewa ikiwa ya nyuzi 45, upepo huo nao ni wa moto. Mlio ule wa kokoto una maana kwamba mafuta yanawaka kwa mlipuko usio wakati wake, unaoipiga pistoni kichwani. Injini haifi siku hiyo, wala wiki hiyo. Bandu bandu, humaliza gogo. Siku itakapofunguliwa, gharama ya krenki, pistoni na fundi itameza petroli yote iliyobanwa kwa miezi.

Zaidi ya hayo, anayetaka kubana mafuta kweli aanze na mwendo kabla ya gia. Upinzani wa hewa hukua haraka kuliko mwendo. Ukitoka kilomita 60 kwa saa ukaenda 90, mwendo umeongezeka kwa nusu tu, lakini upinzani wa hewa umezidi mara mbili na robo, na nguvu inayotakiwa kuushinda imezidi mara tatu na kitu. Dereva aliyeshuka kutoka 90 hadi 70 akiwa katika gia ipasayo amebana petroli nyingi kuliko yule aliyeng'ang'ania gia ya mwisho mlimani.

Tusisahau pia mzigo na mwinuko wa nchi. Gia iliyomfaa dereva asubuhi akiwa peke yake haitamfaa jioni akiwa na abiria wawili na gunia la mkaa. Na aliyezoea kuendesha pwani, Tanga au Maskati, atashangaa akifika Nairobi au Mbeya, nchi zilizoinuka mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari. Huko hewa ni nyepesi, na injini ya kawaida hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Pikipiki ni ile ile, kilima ni kile kile kwa macho, lakini gia ya nne sasa haitoshi, inahitajika ya tatu. Hiyo si aibu, ni hesabu.

Kuna desturi moja nyingine ambayo siwezi kumaliza bila kuitaja, nayo ni ya hatari kuliko zote. Ni kuteremka mlima gia ikiwa huru, na wakati mwingine injini ikiwa imezimwa kabisa, eti mafuta yasitumike. Dereva anayefanya hivyo ameitupa ile akiba ya pili, yaani uwezo wa injini kuishika pikipiki isikimbie. Kilichobaki ni breki peke yake, na katika pikipiki nyingi za kazi, breki ya nyuma ni ile ya ngoma, ambayo ikishikiliwa mfululizo hupata joto na kulegea. Oman inalijua jambo hili. Kwenye njia ya kupandia Jabal Akhdar, askari polisi wana kituo chao mwanzo wa mlima na huruhusu tu magari yanayovutwa na magurudumu yote manne, na ushauri wa kila anayejua mlima ule ni mmoja: shuka kwa gia nzito. Kwetu, dereva wa lori anayeteremka Kitonga, mkoani Iringa, au anayeteremka ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Mai Mahiu, hulijua vilevile. Kanuni yao ya zamani inamfaa na mwenye pikipiki: teremka kwa gia ile ile ambayo ungeitumia kupanda. Wala hapana hasara ya mafuta. Pikipiki za kisasa zinazopuliziwa mafuta kwa kompyuta, ukiachia mkono huku gia imeingia, kwa kawaida hukata mafuta kabisa wakati wa kuteremka. Ukiiweka huru ndipo zinapoanza kutumia tena ili injini isizimike.

Sasa, asubuhi iliyofuata, ami aliniamuru nirudi mlima ule ule, safari hii peke yangu. Aliniambia nisisubiri mlima unidai gia, bali niitoe mapema, kabla mwendo haujaanguka. Nikafika chini ya mlima, nikashuka kutoka ya tano hadi ya nne, na njia ilipozidi kuinuka nikaenda ya tatu. Kilomita zilikuwa zile zile 60. Injini haikuguna. Ilivuma kwa sauti moja iliyoshikana, na kila nilipoongeza mafuta kidogo iliitika. Nilipofika juu, bahari ikaonekana upande mmoja, nikapanda tena gia moja, kisha ya pili, na kuendelea na safari. Mafuta niliyotumia zaidi katika mlima ule hayangejaza kikombe cha kahawa.

Wapenzi wasikilizaji, namkumbuka mara nyingi dereva wa lori lile la maji, ambaye sikuwahi kumwona uso. Mimi na mpwa wangu tu hai kwa sababu yeye alikuwa na akiba ambayo mimi sikuwa nayo: akiba ya nafasi, ya breki na ya uangalifu. Si haki kila siku tuendeshe kwa kutegemea akiba za watu wengine. Basi wewe dereva unayenisikiliza kijiweni huku unangoja abiria, kesho utakapoipanda njia uliyoizoea, isikilize injini yako. Ongeza mafuta kidogo, uone kama inaitika. Na wewe abiria uliyeketi nyuma, ukisikia inaguna na kutetemeka mlimani, usione haya kumgusa dereva begani na kumwambia kwa upole: ndugu yangu, punguza gia moja.